Kimo Halali cha Ringi

Nchi inayosimuliwa hapa haipo duniani. Msomaji akiitambua, ameitambua kwa akili zake mwenyewe, na akiulizwa, ajieleze mwenyewe.

Iliitwa Tukuka. Mwaka ule Chuo cha Ualimu cha Kitopeni kilitwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu kwa wanawake. Kilishinda mechi zote za msimu, jambo ambalo Serikali haikulizuia kwa kuwa haikuwa na habari nalo. Raba za kuchezea hazikuwatosha, hivyo anayetoka uwanjani alivua na anayeingia alivaa, na wapinzani wakajifunza kusubiri. Katikati ya msimu Wizara iliwakumbuka mara moja: ilipiga marufuku kaptura zao. Wakacheza kwa sketi za darasani, wakashinda, na marufuku ikasahauliwa na mtu aliyeitoa.

Jioni walipolinyanyua kombe, redio ilitangaza kwamba huo ni ushindi wa Serikali, na kwamba Serikali inawashukuru wasichana kwa kuhudhuria.

Kapteni wao alikuwa Sikudhani Mkwizu, mwanachuo wa mwaka wa mwisho, mwembamba, mwenye viganja vipana kama sahani za bwaloni. Kazi yake ilikuwa kurusha kutoka mbali, na kosa lake lilikuwa moja tu. Mwaka uliopita, katika fainali ya Kombe la Bara, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja na saa ikiwa imekwisha, alipewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga chuma. Wa pili nao uligonga chuma. Tangu siku hiyo alirusha kabla ya uji na baada ya maharage, mpaka mkono ukaijua njia hata macho yakifumbwa. Kombe la Bara lilikuwa linarudi baada ya masika. Sikudhani hakutaka kitu kingine chochote, na hasa hakutaka kupongezwa.

"Kupongezwa si hiari, Kapteni," alisema Mkuu wa Chuo, Dakta Kitunda, huku akijifuta jasho. "Mlezi Mkuu mwenyewe anakuja. Mkikataa kupongezwa, mimi ndiye nitakayepongezwa badala yenu, na sijui kama nitarudi."

*

Wa kwanza kufika alikuwa Bwana Semkiwa, Mkurugenzi wa Itifaki, mwenye fimbo ya kupimia na suti ya rangi ya jivu. Aliwapanga wasichana mstari mmoja, akawatazama kuanzia viatu kwenda juu, na kadiri alivyokwenda juu ndivyo alivyozidi kuhuzunika.

"Hawa ni warefu," alisema, kama daktari anayetoa majibu mabaya.

"Ni wachezaji wa kikapu, Mkurugenzi," alisema Kocha Leokadia.

"Hamna wengine? Wenye kiasi?"

Ifahamike kwamba Mlezi Mkuu wa Tukuka hakuwa mfupi. Ilikuwepo sheria. Kimo chake rasmi kilitangazwa katika Gazeti la Serikali na kiliongezwa kila alipochaguliwa tena, kwa hiyo kwa hesabu za mwaka ule alikuwa anakaribia dari. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba hakuna raia anayesimama karibu naye na kukipinga kimo hicho kwa mwili wake.

"Mkurugenzi, tukatwe miguu?" aliuliza Nyamizi. Huyu ndiye aliyecheza chini ya ringi, mrefu kuliko wote, na mdomo wake ulikuwa mrefu zaidi.

Bwana Semkiwa alilifikiria jambo hilo kwa uzito unaostahili.

"Muda hautoshi," alisema.

Basi ukachimbwa mtaro mbele ya jukwaa, ukapewa jina la Mtaro wa Heshima. Wachezaji wangesimama humo ndani, kila mmoja katika kina chake, vichwa vyao vikiwa sawa na mkanda wa suruali ya Mlezi Mkuu. Kwa Nyamizi walichimba mpaka wakakuta maji.

"Shoga," alimwambia Sikudhani, akilitazama shimo lake, "mimi huku sipongezwi. Mimi nazikwa."

Halafu Bwana Semkiwa akainua macho, akaiona ringi.

"Na ile? Mlezi Mkuu atafungua sherehe kwa kutumbukiza mpira. Atafikaje?"

"Haifikiwi, Mkurugenzi," alisema Kocha Leokadia. "Inalengwa. Ni futi kumi, dunia nzima."

"Dunia nzima haiji Jumamosi," alisema Bwana Semkiwa, na akaita mafundi.

*

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mlezi Mkuu alichelewa, kama inavyompasa mtu anayesubiriwa, na alipofika, mtaro ulikuwa umejaa maji hadi viunoni mwa mabingwa. Mshereheshaji alisema ni ishara ya baraka. Wakasimama katika baraka hiyo huku mheshimiwa mmoja baada ya mwingine akipanda jukwaani kuwatambua waheshimiwa waliomtangulia, kisha kutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha kuizingatia upya.

"Chanda chema huvikwa pete!" alinguruma Mlezi Mkuu zamu yake ilipofika. "Nami nimekuja kuvika. Mchezo huu naujua. Nilipokuwa kijana niliucheza, nikauacha kwa kuwaonea huruma wenzangu."

Wakalikabidhi kombe kwake, kwa sababu kombe ni la taifa, na mwenye taifa alikuwa amesimama pale pale. Naye akawakabidhi kila mmoja picha yake mwenyewe katika fremu ya dhahabu, iliyopigwa na mpiga picha aliyelala chini.

Ndipo akapewa mpira. Ringi ilikuwa imeshushwa ikawa juu kidogo tu ya kofia yake. Akarusha, na mpira ukapita chini. Bwana Semkiwa akatikisa kichwa, mafundi wakaishusha. Akarusha tena. Kila mpira uliokosa, mshereheshaji alitangaza kuwa ni wa majaribio. Mwishowe Mlezi Mkuu hakurusha tena. Alinyoosha mikono na kuuweka mpira ndani, taratibu, kama mtu anayebandika sufuria jikoni. Mizinga ikapigwa. Mawaziri wawili wakalia, na wa tatu, alipoona wenzake wanalia, akazimia.

Mlezi Mkuu akarudi jukwaani akihema kwa furaha, akainama juu ya mtaro.

"Kapteni, mwanangu. Una neno?"

Jibu lilikuwa limefundishwa wiki nzima: *Hatuna, Baba, tumeshiba.* Lakini Sikudhani alikuwa amesimama ndani ya maji akiitazama ile ringi, na alichokiona si ringi, bali masika yanayokwisha.

"Tuna ombi moja dogo, Baba. Sherehe ikiisha, tunaomba ringi irudishwe juu."

Mshereheshaji alishusha kipaza sauti. Hata mvua ilionekana kupunguza sauti.

"Irudishwe juu," alirudia Mlezi Mkuu polepole. "Hapa ilipo ina kasoro gani?"

"Haina, Baba. Ila kule juu ndiko…"

"Ndiko nini?"

Nyamizi alimkanyaga chini ya maji.

"Ndiko tulikozoea."

"Ahaa." Mlezi Mkuu aliwageukia wananchi kwa uchungu wa mzazi. "Mmesikia? Wanangu wamezoea kutaabika! Nani aliiweka kule juu? Wakoloni! Waliiweka kule ili nani asiifikie?"

"Sisiii!" umati uliitika.

"Na leo nani ameishusha?"

Walimtaja kwa sauti moja na kwa muda mrefu. Bwana Semkiwa alikuwa tayari ameinama kwenye chuma na fimbo yake, akipima.

*

Kabla nguo za mabingwa hazijakauka, Amri ya Kimo ilikuwa sheria. Ringi zote za Tukuka zingekaa pale Mlezi Mkuu alipotumbukizia, na anayerusha mpira juu zaidi ya hapo atahesabiwa kuwa anamrukia kichwa Mkuu wa Nchi.

Maafisa wa Kimo wakasambazwa nchi nzima wakiwa na fimbo. Matokeo yalikuja upesi. Timu za shule za msingi zikafungana kwa mamia ya pointi. Waandika matokeo wakaumwa vidole. Wizara ikachapisha ripoti kwamba kiwango cha mchezo kimepanda mara ishirini katika mwezi mmoja, na wataalamu wa kigeni wakaalikwa waje wajifunze.

Kitopeni nako mazoezi yaliendelea, kama inavyoweza kusemwa. Mchezaji alitembea hadi kwenye ringi na kuachia. Nyamizi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amezoea kupita chini ya chuma akikimbia, alisahau mara moja tu. Alipozinduka alikuwa na alama ya nusu duara katikati ya paji la uso.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema akijipapasa. "Mimi nimepigwa nayo."

Wote walicheka isipokuwa Sikudhani. Alikuwa amegundua jambo. Jana yake alijaribu kurusha hewani, bila ringi, kwa kumbukumbu tu, na mkono ukaishia njiani. Ulikuwa umeanza kutii.

"Kocha," alisema, "mkono unanitoka. Nausikia unavyonitoka."

Kocha Leokadia alikuwa anatazama nyuma ya bwalo. Pale, kwenye boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, ilining'inia kengele ya chuo. Kama kengele nyingi za vyuo vya nchi ile, ilikuwa ringi kuukuu ya tairi la lori, na mshika zamu aliigonga kwa nondo ndefu.

"Kapteni, lile lichuma unaliona liko wapi?"

Sikudhani alipima kwa macho.

"Palepale, Kocha. Palepale kabisa."

Mpira wa kwanza uligonga katikati. *Ngaa!* Mwaka wa kwanza wote wakatoka madarasani mbio na sahani mkononi.

"Chakula bado, enyi fisi!" alipiga kelele mpishi. "Nani kapiga hiyo?"

Kesho yake Kocha Leokadia alikwenda kwa Dakta Kitunda na kueleza kwamba mabingwa wa taifa, kwa ajili ya uzalendo, wanajitolea kushika zamu ya kengele. Dakta aliguswa. Hakuna aliyewahi kujitolea kushika zamu ya kengele. Tangu siku hiyo Kitopeni iliamshwa, ikalishwa, ikafundishwa na kulazwa kwa mpira wa kikapu. Kengele ambayo zamani ilipigwa mara tano sasa ilipigwa mara hamsini, na wanachuo wakawa wanawahi kuliko wote Tukuka, maana hakuna aliyeweza kulala. Wenzake walishika zamu za mchana. Sikudhani alichukua ya alfajiri, ya usiku, na ya yeyote aliyejisikia mvivu. Mkono ukaanza kurudi, kidogo kidogo, kama mbuzi aliyefukuzwa.

Ukarudi hadi siku mpira wa Nyamizi ulipoikosa kengele, ukaingia dirishani kwa Dakta Kitunda na kutua kwenye bakuli la supu.

Dakta alitoka nje akiwa na bizari hadi kwenye nyusi. Aliutazama mpira. Aliitazama kengele. Aliitazama njia iliyopita kati ya hivyo viwili, na akaelewa kitu ambacho angependa sana asikielewe.

"Kocha Leokadia," alisema kwa sauti ndogo, "mnataka kuniua?"

Jioni ile kengele ilishushwa hadi kimo halali, na tangu hapo mshika zamu aliipiga akiwa amechuchumaa. Kocha Leokadia hakufukuzwa. Tukuka haikuwa nchi ya kikatili. Alipandishwa cheo kuwa Mratibu wa Michezo wa Kanda ya Jangwa, ambako hakukuwa na michezo, na kwa kusema kweli hakukuwa na watu. Lori lililombeba lilipoondoka alichomoa mkono dirishani, akakunja kiganja kwa mbele, kama anayeachia mpira.

Sikudhani alikikunja cha kwake kumjibu.

*

Msafara wa Kombe la Bara ulijaza ndege. Kulikuwa na Kamati ya Hamasa, Kamati ya Maandalizi, Kamati ya Kuchunguza Maandalizi, wake wa Kamati, na picha kubwa ya Mlezi Mkuu iliyofungiwa mkanda kwenye kiti chake cha dirishani. Nafasi zilizobaki ziliwatosha wachezaji watano. Kwenye benchi la kocha aliketi Bwana Semkiwa na fimbo.

Walipoingia uwanjani, Nyamizi aliinua macho.

"Mama yangu," alinong'ona. "Wameiweka mbinguni."

Yaliyofuata hayapendezi kusimulia, na ndiyo maana yatasimuliwa haraka. Mipira ya Tukuka ilipita chini ya nyavu. Ilipita kwa ustadi, kwa mtindo mmoja, kana kwamba kulikuwa na ringi nyingine pale ambayo wageni hawaioni. Mashabiki wa nchi ile mwanzoni walicheka. Baadaye wakaacha. Mwishoni walikuwa wakiwatazama wale wasichana kama mtu anavyomtazama kilema kisha akagundua kwamba mguu ule haukuvunjika wenyewe.

Matokeo yakiwa tisini na nane kwa sifuri, Sikudhani alisukumwa, na mwamuzi akampa mitupo miwili ya adhabu.

Alisimama kwenye mstari. Mwaka mzima alikuwa ameisubiri mitupo hii. Hakuna aliyemwambia kwamba ikija itakuwa haina maana yoyote.

Akarusha wa kwanza. Mkono ulitii sheria za nchi yake: mpira ukapita chini.

"Siku!" aliita Nyamizi pembeni. "Mwaka wa kwanza wana njaa. Wapigie kengele!"

Sikudhani akafumba macho. Akasikia sahani za bati, akasikia mpishi akitukana, akaona umande kwenye boriti. Akaachia. Hapakuwa na mlio wa chuma, ila mfyonzo mdogo wa nyavu, kisha uwanja mzima wa watu asiowajua ukasimama na kupiga makofi kana kwamba wao ndio waliofungwa tisini na nane.

Bwana Semkiwa hakupiga makofi. Alikuwa ameikumbatia fimbo yake, uso umempauka.

*

Tukuka ilipokea habari kwa shangwe. Redio, ambayo matangazo yake yalikatika mwishoni mwa mchezo kupisha nyimbo za kumsifu Mlezi Mkuu, ilieleza kwamba mabinti wa taifa walishawishiwa kwa dakika arobaini waingize mpira katika ringi haramu za kigeni, nao wakakataa katakata. Ulikuwa ushindi wa maadili. Sherehe nyingine ya pongezi ikaamriwa, na mtaro ukaanza kusafishwa.

Lilibaki doa moja. Doa hilo liliitwa ofisini kwa Dakta Kitunda, likasimamishwa mbele ya meza.

"Wenzako wanne walirusha jioni nzima," alisema Bwana Semkiwa, "na hawakuingiza hata mmoja. Wewe umeingiza. Unajieleza vipi?"

"Sikuwa na bahati, Mkurugenzi."

"Usinifanyie mzaha! Ulijuaje pa kulenga?"

Sikudhani aliikodolea macho fimbo yake. Akaletwa Nyamizi atoe ushahidi. Alikuwa amebakiza muhula mmoja awe mwalimu, na nyumbani wadogo zake walikuwa wameshaanza kumwita Mwalimu.

"Mimi nilikosa kwa moyo wangu wote, Mkurugenzi," alisema. "Mimi nikikosa, nakosa kweli."

"Vizuri sana. Na mwenzako?"

Nyamizi alijipapasa alama ya kwenye paji la uso. Alimtazama Sikudhani, akatazama sakafu, akatafuta neno litakalowatoa wote wawili mle ndani. Akadhani amelipata.

"Yeye alifumba macho, Mkurugenzi. Wallahi nilimwona. Hakuona kitu. Ni ajali tu."

Dakta Kitunda alishusha pumzi. Lakini Bwana Semkiwa alikuwa akitabasamu, na halikuwa tabasamu lililozoeleka.

"Hakuona kitu," alisema, "na bado aliingiza. Basi kile kimo hakimo machoni. Kimo mwilini. Huyu amekikariri!"

"Sikusema hivyo!" alilia Nyamizi. "Mkurugenzi, mimi sikusema hivyo!"

"Umesema vyema, binti. Utasimama mbele kabisa mtaroni."

Sikudhani Mkwizu alifukuzwa chuo kwa kosa la kukariri kimo haramu. Alipewa hadi Jumamosi aondoke.

*

Jumamosi barabara ya kwenda stendi ilifungwa kwa ajili ya msafara. Sikudhani akakwama nje ya uzio wa uwanja, juu ya sanduku lake la bati, akiona yote yaliyokuwa ndani. Mashujaa wanne walikuwa mtaroni. Shimo lake, la tano, lilikuwa limefukiwa na kupandwa nyasi usiku wa kuamkia siku hiyo, ili timu isionekane pungufu. Nyamizi alisimama mbele kabisa na nishani shingoni. Hakuinua uso.

Mlezi Mkuu akapewa mpira. Mafundi wakasogea kwenye ringi, kwa sababu tangu sherehe ya kwanza alikuwa amechoka kidogo.

Sikudhani hakujua kwamba mkono wake umeinuka. Ulikuwa umeinuka wenyewe, kiwiko chini ya mpira usiokuwepo, kiganja kimekunjwa nyuma.

"We dada!" Askari aliyelinda uzio alimjia akikimbia, bunduki ikimgonga kiunoni. Alipofika karibu alimtambua, na hatua zake zikapungua. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Afande."

"Redio walikata." Askari alisogea karibu zaidi. "Ule wa pili. Uliingia kweli?"

"Uliingia."

"Uligonga chuma?"

"Haukugusa."

Askari alibaki ameyatazama mabega ya Sikudhani, midomo ikicheza, kama mtu anayerudia jambo ili asilisahau. Kisha akaona Maafisa wa Kimo wakigeuza vichwa upande wao.

"Shusha mkono, dada yangu," alisema kwa upole. "Wanatuona."

Sikudhani akaushusha. Ndani ya uwanja mizinga ikalia. Mlezi Mkuu alikuwa ametumbukiza.